Nyumba ya Pili Imetangulia

Migori
14 Februari 2022

Kwa Dada Zilpah,

Shikamoo, Dada. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Ryoba amemaliza kuezeka jikoni, na sasa anajisifu kwa kila mgeni kana kwamba amejenga kanisa. Mama alikuwa na homa wiki iliyopita, lakini jana alikula na kulalamika, kwa hiyo amepona. Je, masikio yako? Nilipokupigia simu siku ya Krismasi ulinijibu mambo ambayo sikukuuliza, ndipo nikaamua kurudi kwenye karatasi, kama Baba alivyotuzoesha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilikueleza kwamba tulipeleka ombi kwa mfuko mmoja wa utafiti wa afya ulioko Nairobi. Walitangaza kwamba wanatafuta watu wa kutathmini njia za kuzuia na kutibu unene wa kupita kiasi, kwa kuwa kila mtu anatoa ushauri na hakuna anayepima kama ushauri wake unafaa. Wametukubalia, Dada. Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwafundisha wauguzi, jina langu limeandikwa juu kabisa ya karatasi: mtafiti mkuu.

Hatua ya kwanza ni ndogo. Tutakuwa na vikundi viwili tu vya wanawake, sitini kila kimoja. Kimoja kiko Kegonga, na kingine ni chako cha Kendu Bay. Kikundi kimoja kitaanza mafunzo na matibabu mara moja. Kingine kitapimwa uzito mwanzoni na mwishoni, bila kufundishwa lolote, kisha kitapata zamu yake baada ya miezi kumi na minane. Tofauti ikionekana kati ya vikundi hivyo, Mfuko utatoa fedha za miaka mitano kwa kaunti zote mbili, pamoja na kliniki. Isipoonekana, kazi inaishia hapo.

Tulirusha sarafu. Kegonga itaanza. Kendu Bay itakuwa kundi la kulinganisha.

Wewe ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa huko, kwa hiyo bila sahihi yako hatuwezi kuingia. Nakuomba pia umpokee Beverly, msichana wetu wa kupima.

Mdogo wako,
Nyangi


Kendu Bay
7 Machi 2022

Mdogo wangu Nyangi,

Marahaba. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Frankline, mwanangu, amenunua ng'ombe wa maziwa asiyetoa maziwa, na anatuambia tumpe muda. Kisima cha kanisa kimekauka, tunateka maji ziwani na kuyachemsha. Mpe mama yako pole.

Nimefurahi kwamba umepata ufadhili. Nimeliandika neno hilo mapema ili usije ukasema sikuliandika. Mimi ndiye niliyekusahihishia insha katika nyumba hii ulipokuja kusoma kwetu ukiwa na miaka kumi na minne. Jina lako likiwa juu kabisa ya karatasi, mkono wangu uko mahali fulani chini yake.

Lakini kuna jambo silielewi. Baba alioa Kendu Bay kwanza, kisha akahamishiwa Kegonga kununua pamba na mahindi ya chama cha ushirika, akaoa tena huko. Mama yangu ndiye aliyetangulia kutia mbegu ardhini kila mwaka. Mama yako, ingawa alikuwa mbali, alisubiri barua ya kumjulisha kwamba tumekwisha kupanda, ndipo naye akapanda. Hiyo ndiyo desturi ya Wajaluo, na mama yako aliikubali alipomkubali Baba. Hakuna aliyeiita uonevu. Tangu lini nyumba ya pili ikaanza, na nyumba ya kwanza ikaambiwa isimame kando ipimwe?

Usiseme nina nyiego, ule wivu wa nyumba ya wake wawili. Sina. Nauliza tu: ni nani aliyerusha hiyo sarafu, na ni nani aliyekuwapo?

Karatasi nimeitia sahihi. Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari na unene, na wewe ulikuwapo ukimshika kichwa. Siwezi kuukataa utafiti wa namna hiyo. Mtume huyo Beverly.

Barua yako ina makosa matatu. Nitakuonyesha ukija.

Zilpah


Migori
30 Machi 2022

Kwa Dada Zilpah,

Shikamoo. Mpe Frankline salamu, na mwambie ng'ombe wake apewe majani, muda hauliwi. Mvua imeanza kwetu. Mama amekwisha kupanda mahindi, na anasema magoti yako yanahitaji kupunguziwa mzigo wa juu. Ni yeye aliyesema, si mimi.

Asante sana kwa sahihi. Kuhusu kundi la kulinganisha, naomba usilione kama adhabu. Tukiwafundisha wanawake wote kwa pamoja na wakapungua, tutajuaje kwamba ni mafunzo yetu yaliyowapunguza? Huenda mwaka ulikuwa wa bei ghali na watu wakala kidogo. Ni lazima pawepo watu wanaoishi kama kawaida, ndipo tuone tofauti. Kwa hiyo Kendu Bay inafanya kazi kubwa kwa kutofanya chochote. Daktari Machuki, mtaalamu wetu wa hesabu, husema kundi la kulinganisha ndilo lenye heshima.

Tumefungua mafunzo Kegonga Jumamosi iliyopita. Walikuja sabini na watatu, tukawarudisha kumi na watatu. Mama aliketi mbele, kiti cha kwanza, amevaa gauni lake la pasaka. Natamani ungelimwona.

Beverly atafika kwenu tarehe kumi na tisa Aprili.

Nyangi


Kendu Bay
25 Aprili 2022

Mdogo wangu Nyangi,

Huku tu salama. Mvua imetufikia kwa kuchelewa. Ng'ombe wa Frankline ametoa vikombe viwili vya maziwa, na nyumba nzima ikaitwa kuviangalia.

Hukujibu swali langu la sarafu. Nimelihesabu kuwa limeahirishwa.

Beverly alikuja, akatupima katika ukumbi wa kanisa. Ni msichana mwenye adabu, ingawa hula maneno. Wa kwanza alikuwa Linet, yule mwenye kibanda cha mandazi karibu na soko. Umemsahau? Ana mdomo.

“Unatupima, halafu?” alimuuliza.

“Halafu naandika, mama.”

“Ukishaandika?”

“Nawapa sabuni, kila mtu kipande kimoja.”

“Na wale wa Kegonga wanapewa sabuni?”

“Wale wanafundishwa, mama. Nyinyi mnangoja.”

“Ng'ombe akipandishwa kwenye mizani kule mnadani, angalau ananunuliwa,” alisema Linet. “Sisi tunapandishwa, tunateremshwa, tunaambiwa tukaoge.”

Wanawake walicheka, na aliyekuwa juu ya mizani alicheka kuliko wote, hata Beverly akamsihi, “Mama, nyamaza kidogo, kilo zitulie.”

Mimi nilicheka pia, lakini sikufurahi. Wanawake hawa mimi ndiye ninayewaongoza. Waliniuliza kwa nini wa Kegonga wameanza, nami nikakosa la kuwaambia, kwa kuwa wewe hujaniambia.

Mimi ni kilo tisini na nne. Nakuandikia kwa sababu utaisoma katika karatasi zako hata hivyo.

Nieleze mnawafundisha nini huko. Nauliza kama mwalimu tu. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na sita hapendi kusikia somo lililo nyuma ya mlango uliofungwa.

Zilpah


Migori
2 Juni 2022

Kwa Dada Zilpah,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilimsomea Ryoba kile kipande cha Linet. Alicheka mpaka akaitoa miwani. Sote tu wazima.

Dada, ni mara ya kwanza katika maisha yangu unaniuliza ninafundisha nini. Basi nitakueleza yote, na uvumilie urefu.

Tulianza na sahani. Kila mwanamke aliichora sahani yake ya jana. Karibu zote zilikuwa ugali, na mboga imekaa pembeni kama mgeni. Sasa tunawafundisha nusu ya sahani iwe mboga, managu, kunde au sukuma, robo iwe ugali usiozidi ngumi ya mlaji mwenyewe, na robo iwe samaki, maharagwe au nyama. Mafuta hayamiminwi tena kutoka kwenye chupa, yanapimwa kwa kijiko, vijiko viwili kwa sufuria ya watu watano. Sukari ya chai inapunguzwa nusu kijiko kila wiki mpaka ulimi usahau. Soda na mandazi ni vya sherehe.

Kisha wanatembea. Siku nne kwa wiki, dakika arobaini, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kiongozi hupuliza filimbi.

Lakini linalowashika zaidi ni uzi. Mizani huwatia hofu, kwa hiyo kila mmoja alipewa uzi wa pamba wa kuvaa kiunoni chini ya nguo. Siku ya kwanza tulifunga fundo mahali ambapo uzi ulikutana. Kila mwezi uzi unakazwa, fundo jipya linafungwa, na mkia unaobaki haukatwi. Wanawake wanapokutana hawaulizani kilo, wanaulizana mkia umefika wapi. Mama ana mkia wa vidole vitatu, na amewaonyesha watu ambao hawakuomba kuuona.

Uzi ni wazo langu mwenyewe. Mfuko umeniandikia kunisifu.

Niambie unaonaje, Mwalimu.

Nyangi


Kendu Bay
19 Oktoba 2022

Mdogo wangu Nyangi,

Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa na mavuno ya kanisa, kisha mazishi mawili upande wa Lambwe. Dagaa za omena zimepanda bei. Ng'ombe ameuzwa.

Mafunzo yako yamepangwa vizuri. Kuhusu chakula cha huku hakuna la kueleza, tunakula kama tulivyokula siku zote.

Nina swali moja tu la kielimu. Katika mafunzo marefu ya namna hiyo, wanafunzi hufikia mwezi wa nne au wa tano wakachoka, na wengine wakaanza kurudia mandazi kwa siri. Mnafanya nini hapo?

Msalimie Ryoba.

Zilpah


Migori
8 Januari 2023

Kwa Dada Zilpah,

Heri ya mwaka mpya, Dada, na shikamoo. Krismasi tulikuwa Kegonga. Mama alipika, akatupimia mafuta kwa kijiko mbele ya wageni, na kaka zake wakanung'unika mpaka jioni.

Swali lako ni zuri ajabu. Ni kana kwamba umekuwa darasani. Ndivyo ilivyotokea hasa, wakachoka mwezi wa tano. Tuliwagawa wawili wawili, kila mmoja akawa mlinzi wa mwenzake. Anayeanguka haendi kutubu mbele ya kundi, anamwambia mlinzi wake tu, na kesho yake wanatembea pamoja dakika ishirini za ziada. Hatuwachapi kwa maneno. Tangu hapo hakuna aliyetoroka.

Naomba niseme jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa kwenu nikisoma, majirani waliniita mtoto wa Kegonga, na kwenye mazishi ya Baba niliketi nyuma ya watu ambao hawakumjua. Sikukulaumu. Lakini sasa, kila ninapokuandikia habari za mafunzo haya, naandika nikiwa na furaha ya mtoto aliyeleta ripoti nyumbani. Hujawahi kuniandikia kwamba nimefanya vizuri. Umeandika kwamba yamepangwa vizuri. Nimelichukua hilo.

Nyangi


Migori
11 Septemba 2023

Kwa Dada Zilpah,

Shikamoo. Ni miezi minane sijapata barua yako. Nimeambiwa na watu wa Frankline kwamba u mzima, na nashukuru. Hapa tunaendelea. Sitaandika habari nyingine za nyumbani leo.

Beverly amerudi kutoka kwenu. Wanawake wa Kegonga wamepungua kilo nne na nusu kila mmoja, kwa wastani. Tulipozipata hesabu hizo tulipeana mikono. Kisha Machuki akaleta za Kendu Bay. Ninyi, ambao hamkufundishwa lolote, mmepungua kilo tano na robo.

Unaelewa maana yake? Mfuko utasoma kwamba watu walioachwa bila matibabu walipungua kuliko waliotibiwa. Watasema mafunzo yetu hayana kazi. Kikao chao ni tarehe ishirini na nne Novemba. Fedha za miaka mitano, kliniki, na watu kumi na wanne tuliotaka kuwaajiri, vyote vinakwenda na tarakimu mbili hizo.

Nilimwita Beverly nikamuuliza kama mizani ilikuwa na kasoro. Akaniambia, “Mizani ilikuwa sawa, Madam. Lakini yule mama wa mandazi, Linet, alipoinama kuvua viatu, kuna uzi ulimtokea kiunoni. Uko na mkia mrefu. Nikamuuliza ni nini. Akaniambia, ‘Wengine walikumbuka kuutoa, mimi nimesahau.’”

Dada, umefanya nini?

Nyangi


Kendu Bay
29 Septemba 2023

Mdogo wangu Nyangi,

Mimi ni mzima. Nina kilo themanini na tatu, na magoti hayaniumi.

Nimefanya hivi. Ile barua yako ya Juni niliisoma mezani, kisha nikainakili ubaoni katika ukumbi wa kanisa siku ya Alhamisi, na wanawake sitini wakainakili madaftarini. Sahani, ngumi, kijiko, mwendo wa kuzungumza bila kuimba. Uzi wa pamba niliununua mimi. Filimbi ni ile ya shule. Mwezi wa tano walipochoka, nilikuandikia, nawe ukanijibu, na Alhamisi iliyofuata nikawagawa wawili wawili. Mlinzi wangu alikuwa Linet. Alifunga kibanda cha mandazi, sasa anauza njugu za kuchemsha, na hunikagua sahani kama mkaguzi wa shule.

Siku ya kupimwa niliwaamuru wote wavue nyuzi. Hapo nilijua ninachokifanya, kwa hiyo sitakuambia kwamba sikujua.

Mwanzo sikutaka kukuharibia. Nilisema moyoni kwamba nyumba ya kwanza haiwezi kusimama na mbegu mkononi ikiangalia nyumba ya pili ikipanda. Nilisema, nao wakipungua, sisi tupungue zaidi. Kila Alhamisi niliwauliza wanawake, “Mnataka Kegonga watushinde?” nao wakajibu “Hapana.” Ndivyo nilivyowaendesha. Si kwa ajili ya afya. Wewe una neno la kitaalamu kwa kila jambo. Jambo hili neno lake ni lile nililokuandikia kwamba sina.

Na kuna zaidi. Baba aliimaliza miaka yake ya mwisho kwenu. Alipofika huku alikuwa ndani ya jeneza, tukapewa kazi ya kumzika. Mimi nilibaki na kaburi, ninyi mlibaki na mazungumzo yake. Kisha ukapata na jina juu ya karatasi.

Nimeuandikia Mfuko barua ya kueleza yote, nimeitia humu bila kuifunga. Nimeambatisha barua zako zote na nakala za zangu. Unajua kwamba mimi huhifadhi nakala. Ipeleke kabla ya kikao. Wakishajua kwamba Kendu Bay nayo ilifundishwa, hawatasema tena kwamba mafunzo yako hayana kazi.

Lakini nawe una deni la jibu. Ni nani aliyerusha sarafu?

Zilpah


Migori
16 Oktoba 2023

Kwa Dada Zilpah,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ofisini nikafunga mlango. Mwanzo nilikasirika. Kisha nikaona kwamba kila ulichofundisha kilitoka kwangu. Niliapa kwa Mfuko kutolifundisha kundi la kulinganisha neno lolote, nikakuandikia kurasa nne kwa sababu nilitaka kujua unaonaje kazi yangu. Sikuwaambia hata kwamba wewe ni dada yangu. Nilijaza “mwenyekiti wa kundi”, nikapita.

Sasa kuhusu sarafu.

Aliyeirusha ni Machuki. Tulikuwa watu watatu: yeye, Beverly na mimi. Ilikuwa ya shilingi ishirini. Upande wa tembo ulikuwa wa Kendu Bay, upande wa nembo ya taifa ulikuwa wa Kegonga. Sarafu iligonga ukingo wa meza ikaviringika chini ya kabati. Mimi ndiye niliyeinama kuichukua. Ilikuwa imelala, Dada, imetulia kabisa, na tembo alikuwa juu.

Niliishika, nikainuka, nikasema, “Imeanguka nje, haihesabiki. Turudie.” Machuki akarudia. Ikatoka nembo.

Ulisema hakuna aliyeiita desturi ile uonevu. Mimi niliiita, ila sikuwa na wa kumwambia. Mvua ya Kegonga hutangulia ya kwenu kwa wiki tatu. Mwaka ule wa njaa, 1984, nilikuwa na miaka kumi. Mvua ilinyesha Machi, udongo ukalainika, majirani wote wakapanda. Mama alikuwa na mbegu kwenye kikapu karibu na mlango. Kila siku alinituma posta kuuliza barua kutoka Kendu Bay. Alimheshimu Baba, hakutaka kupanda bila neno. Barua ilipofika mvua ilikuwa imekatika. Majirani walivuna magunia machache, sisi hatukuvuna hata mahindi ya kulisha kuku. Baba alisema posta za Kenya hazina haraka.

Kwa hiyo nilipomwona tembo nilisema, mara moja tu katika maisha haya, mama yangu atangulie.

Nimeuandikia Mfuko hayo yote. Nimeweka barua yangu juu, yako chini yake. Sijui watafanya nini na jina langu.

Nyangi


Migori
26 Februari 2024

Kwa Dada Zilpah,

Shikamoo. Mama ana afya. Ryoba amevunjika kidole akirekebisha lile paa la jikoni. Najua hujaniandikia tangu barua yangu ya Oktoba, nami sikukuandikia, kwa hiyo tuko sawa.

Mfuko umejibu. Hatua ya kwanza yote imefutwa, haihesabiwi kuwa imefaulu wala kwamba imeshindwa. Machuki aliwatetea wanawake, akawaambia kwamba wanawake mia moja na ishirini hawapungui kilo tano kwa bahati. Wamekubali kutoa fedha za kuirudia, na wakiridhika zitafuata zile za miaka mitano. Mtafiti mkuu sasa ni Machuki. Mimi nitakuwa mkufunzi tu, chini yake. Jina langu liko ukurasa wa tatu.

Vikundi vitakuwa vipya: kimoja upande wa Kegonga, kingine Lambwe. Kura imepigwa Nairobi mbele ya mashahidi saba, nami sikuwapo. Kegonga imetoka tena. Naapa sikuwapo.

Lambwe iko chini ya umoja wenu, kwa hiyo inahitajika sahihi yako, na safari hii kuna sharti. Wewe na mimi tusiandikiane, tusipigiane simu, tusitumiane mtu, mpaka utafiti uishe, mwisho wa Septemba mwaka ujao. Fomu mbili ziko humu. Ni lazima zifike Nairobi tarehe kumi na nane Machi. Zikichelewa hata siku moja, fedha zinapewa kaunti nyingine.

Ukikataa nitaelewa. Utakuwa umeambiwa kwa mara ya pili usubiri, na safari hii huna hata barua ya kunakili ubaoni.

Nyangi


Kendu Bay
11 Machi 2024

Mdogo wangu Nyangi,

Barua yako imenifikia leo saa nne asubuhi. Ilikaa njiani wiki mbili, kwa hiyo sitaandika mengi. Tu wazima. Mpe Ryoba pole ya kidole.

Nimetia sahihi fomu zote mbili. Linet ni shahidi. Nimewaambia viongozi wa Lambwe kwamba watapimwa na kupewa sabuni, kisha watangoja, na kwamba atakayepita huko na filimbi nitamshitaki kwa askofu mimi mwenyewe.

Ukurasa wa tatu si mahali pako. Mimi nimesahihisha kazi za wanafunzi maisha yangu yote, najua kazi nzuri nikiiona, na ya kwako ilikuwa nzuri tangu siku ya sahani. Ningelikuandikia hivyo Juni ile ile, lakini nilikuwa nainakili.

Nikupe na la mwisho, kwa kuwa tunanyamaza. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana. Baba alikuwa huku kwetu mwezi huo, akaniambia niandike barua ya kumruhusu mama yako apande. Niliiandika siku hiyo hiyo, tarehe kumi na mbili Machi, nikaibandika stempu. Ilikaa katika mkoba wangu siku kumi na tisa. Posta ilikuwa karibu na shule, nilipita mbele yake kila asubuhi. Sikuwa nimesahau. Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto aliyekuwa akitumwa kuiulizia.

Posta hufunga saa kumi na moja. Sasa ni saa saba, na kutoka hapa ni mwendo wa dakika arobaini, wa kuzungumza bila kuimba. Fomu za Nairobi zitakwenda kwa bahasha ya haraka, hii yako kwa ya kawaida. Zote mbili nazipeleka kwa mkono wangu leo.

Mwambie mama yako mbegu zitoke kikapuni. Pandeni. Sisi tutafuata.

Dada yako,
Zilpah